Ile picha ya wacheza dansi waliofumba macho

Msomaji, hiyo picha unaijua. Hata kama jina lake hulijui, umeshaiona mahali: kwenye fulana, kwenye jalada la santuri ya mjomba, kwenye ukuta wa saluni. Ukumbi umejaa watu weusi mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mikono iko juu, viuno vimepinda, miguu mirefu kama ya korongo. Bendi iko jukwaani inawapa watu wanachokitaka. Mabango yananing'inia juu ya vichwa. Na watu wote hao wamefumba macho.

Kwa wiki mbili nilikuwa naionyesha kwa watu kwenye simu na kuuliza swali moja tu: hii ni picha ya nani? Dereva bodaboda wa kituo chetu aliiangalia akasema, "Si ile ya kwenye fulana za mtumba?" Dada wa dawati la michezo akasema hao ni Wakongo, angalia wanavyojua kuvaa. Kijana mmoja wa chuo, tena anasoma sanaa, akaniambia ni Tingatinga. (Hapa kwetu kila kilichochorwa kwa brashi ni Tingatinga. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, angeambiwa idadi ya picha anazobambikiwa angeshika kichwa.) Mjomba wangu ndiye aliyejibu bila kusita: "Hiyo ya Marvin Gaye hiyo. Mnauliza nini nyie watoto?"

Mjomba alikaribia kuliko wote. Picha hiyo ndiyo jalada la santuri ya I Want You, aliyoitoa Marvin Gaye mwezi Machi 1976. Lakini Marvin Gaye hakushika brashi. Kuna mtu aliichora, akatoka jasho, na katika watu wote niliowauliza hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Kwa nini nimelishupalia jambo hili? Ngoja nieleze.

Nilitumwa na gazeti ninaloliandikia (sitalitaja, bado nakula hapo) niandike makala kuhusu baa za Dar ambazo bado zinapiga muziki wa dansi mwishoni mwa wiki. Baa mojawapo iko Sinza. Ni ya kawaida tu, viti vya plastiki, jiko la nyama mlangoni, lakini ukuta wote wa nyuma umechorwa picha hiyo, kuanzia chini mpaka kwenye dari. Nikaupiga picha usiku ule. Mhariri akaipenda, akasema iende kubwa. Nikamuuliza, sasa chini tuandike imechorwa na nani? Akanijibu bila kuinua uso: "Andika mchoro wa ukutani. Kwani nani anajali?"

Neno hilo lilinikaa kooni. Sisi waandishi jina letu likikosekana juu ya habari tunanuna wiki nzima. Nimeona watu wazima wakikaribia kushikana mashati kwa sababu ya "Na Mwandishi Wetu". Lakini kazi ya mtu mwingine tunaiokota tu na kuandika "Picha: Mtandao", kana kwamba huyo Mtandao ni jamaa fulani, ana kamera yake na watoto wanaosubiri ada.

Basi nikarudi Sinza mchana, baa ikiwa tupu, niutazame ule ukuta vizuri. Mchana ukuta unasema mambo ambayo usiku hauyasemi. Kwanza yale mabango. Moja lilisema SUPU YA KONGORO ASUBUHI. Jingine likasema KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. La tatu lilikuwa na herufi nne tu, WSRC, ambazo hazifanani na kitu chochote cha Sinza. Halafu nikaona jambo jingine. Watu wote wamefumba macho, isipokuwa mwanamume mmoja karibu na spika, ana kofia, macho yake mawili yako wazi kabisa, anakutazama wewe uliyekaa na chupa yako.

Nikamwamkia mama mwenye baa, akaitikia, akaniletea soda kabla sijaagiza. Akanisimulia. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa santuri. Mashine ya kuzipigia ilikufa kabla yake, lakini santuri hakukubali zitupwe. Alipofariki, mama akabaki na majalada. Alipokarabati baa, akachukua lile alilokuwa analipenda zaidi mzee, akamkabidhi fundi akamwambia nichoree hili ukuta mzima. Akaenda ndani akaniletea lenyewe. Pembe mbili zimeliwa na panya, lakini watu bado wanacheza.

"Na huyu aliyechora jalada ni nani, mama?"

"Si Marvin?"

Sawa. Sasa nikupe jina, msomaji, ili siku ukiulizwa usijibu kama mjomba wangu. Picha inaitwa The Sugar Shack. Ukitafsiri neno kwa neno unapata kibanda cha sukari, ila ukitaka maana yake fikiria ukumbi wa bei nafuu ambako watu waliofanya kazi ngumu wiki nzima wanakwenda kujimaliza Jumamosi. Mchoraji wake ni Ernie Barnes, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa tarehe 15 Julai 1938 mjini Durham, jimbo la North Carolina, enzi ambazo ubaguzi wa rangi kule ulikuwa ni sheria ya nchi.

Mama yake alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya mwanasheria mmoja, na mtoto alipokwenda naye aliruhusiwa kufungua vitabu vya picha vilivyokuwa humo. Ndiyo shule yake ya kwanza ya sanaa. Shule yenyewe ilimtesa. Alikuwa mnene, mwoga, wenzake wanamwonea, naye anajificha na daftari lake la kuchorea. Mwalimu mmoja akamkuta mafichoni, akaangalia michoro, halafu akamwanzisha mazoezi ya kunyanyua vyuma. Yule mtoto mwoga akamaliza sekondari akiwa nahodha wa timu. Akaenda chuo cha watu weusi hapo hapo Durham kwa msaada wa michezo, na baadaye akacheza kwa kulipwa ule mpira wa Wamarekani, wa kubeba mkononi na kugongana kama mafahali. Alichezea New York Titans, San Diego Chargers na Denver Broncos. Kule Denver wenzake walimwita Big Rembrandt, maana hata kwenye mikutano ya timu alikuwa anachora, na akapigwa faini kwa ajili hiyo. (Nami ningepigwa faini kwa kila mkutano wa chumba cha habari niliochora vikatuni, ningekuwa nadaiwa mpaka leo.)

Haya ya mpira nayasema kwa sababu ndiyo ufunguo wa kuitambua kazi yake. Chuoni alifundishwa na mchonga sanamu Ed Wilson, ambaye alimwambia azingatie mwili wake unavyojisikia ukiwa uwanjani, katika kukimbia, kujinyoosha na kugongana. Barnes akabeba somo hilo maisha yake yote. Ukimwona mtu wa kwenye picha yake ana mkono unaofika magotini na shingo iliyovutika kama mpira wa manati, usidhani kakosea vipimo. Anachora jinsi mwili unavyojisikia, siyo jinsi unavyopimwa na fundi cherehani. Alama nyingine ni macho. Watu wake karibu wote wamefumba macho, na mwenyewe alieleza sababu yake: alisema binadamu hatuonani, tu vipofu wa utu wa wenzetu. Miili iliyovutika na macho yaliyofumbwa, ukiviona pamoja, anza kumfikiria Barnes kabla hujamfikiria Marvin.

Na kuna kisa kimoja ambacho nikikifikiria hasira inanipanda mpaka leo. Akiwa mwanafunzi, darasa lao la sanaa lilipelekwa kutembelea makumbusho ya sanaa ya North Carolina, yaliyokuwa yameanza kuruhusu watu weusi siku za karibuni tu. Barnes akamuuliza mwenyeji aliyekuwa akiwatembeza, picha za wachoraji weusi ziko wapi? Akajibiwa kwamba watu wako hawajielezi kwa njia hiyo. Zaidi ya miaka 20 baadaye makumbusho hayo hayo yakafanya maonyesho ya Barnes peke yake, na gavana wa jimbo akahudhuria.

Turudi ukumbini. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka kama 13, Barnes alijipenyeza kwenye jumba la Durham Armory kulikokuwa na dansi. Hakutakiwa kuwepo. Aliyoyaona yakamganda kichwani karibu miaka 20, na mwanzoni mwa miaka ya 70 akayatoa kwenye turubai. Kwa hiyo yule unayetazama naye picha hii ni mtoto aliyeingia bila ruhusa, ambaye hajawahi kuona watu wazima wakijiachia hivyo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, watu ni warefu mno na ukumbi una joto mno. Sisi tuliochungulia kumbi za harusi na mikesha ya taarabu kupitia matundu ya makuti tunaijua hali hiyo.

Sasa zile herufi. WSRC ilikuwa redio ya Durham. Barnes aliliweka tangazo lake kwenye bango, na kando yake akaandika masafa 620. Lakini WSRC haikuwa 620, ilikuwa 1410. Mtangazaji maarufu wa watu weusi, Norfley Whitted, alikuwa akiitaja 620 alipokuwa kwenye redio nyingine ya mji huo, kabla ya kuhamia WSRC, na sauti hiyo ya utotoni ikabaki masikioni mwa Barnes. Mimi kosa hilo nalipenda. Linathibitisha kwamba picha imetoka kwenye kumbukumbu ya mtu, haikutoka kwenye kabrasha. Halafu Marvin Gaye alipoomba kuitumia kwa ajili ya santuri, Barnes akaishika tena brashi, akaongeza mabango ya kutangaza nyimbo za humo. Ukikuta nakala ina mabango ya nyimbo za Marvin, ujue imetoka kwenye jalada. Ukikuta ina supu ya kongoro, imetoka Sinza.

Wamarekani wengi hawakuijua kwa santuri, waliijua kwa televisheni. Kulikuwa na mchezo wa kuchekesha ulioitwa Good Times, ulioonyeshwa na CBS kuanzia 1974 hadi 1979, kuhusu familia maskini ya watu weusi katika maghorofa ya Chicago. Kijana mkubwa wa familia, J.J., alikuwa mchoraji. Picha zilizoonyeshwa kuwa za J.J. alizichora Barnes, na The Sugar Shack ikawa inatokea mwishoni wakati majina ya waigizaji yanapita. Fikiria hilo. Mamilioni ya watu wanaiona kazi yako kila wiki, na wanaamini kaichora kijana ambaye hayupo duniani! (Sisi wa Bara hatukupata bahati hiyo, maana televisheni tuliipata mwaka 1994. Ndiyo maana kwetu ikabaki kuwa picha ya Marvin.) Majalada mengine aliyafanya pia, ya Curtis Mayfield, ya Donald Byrd, hata ya B.B. King. Watu walitundika nakala zake sebuleni, wakazikodolea miaka nenda rudi, lakini wakubwa wa sanaa walimwona kama mchezaji wa mpira anayechora picha za kwenye televisheni.

Jambo moja la kuwa nalo makini: The Sugar Shack ziko mbili. Ya kwanza ndiyo ya jalada la Marvin. Ya pili aliichora mwaka 1976, na hiyo ndiyo iliyopelekwa mnadani New York na kampuni ya Christie's tarehe 12 Mei 2022. Ukizisoma habari za siku hizo haraka haraka unaweza kudhani ni moja. Wataalamu wa mnada walikadiria itauzwa kati ya dola 150,000 na 200,000. Hawakukisia hovyo, kwa sababu mpaka hapo bei kubwa kuliko zote kwa picha ya Barnes ilikuwa dola 550,000, miezi michache tu nyuma. Wakajitokeza wanunuzi 22, wakashindana kama dakika 10, na ilipotulia ilikuwa imefika dola milioni 15.3. Aliyeinunua ni Bill Perkins, mfanyabiashara wa nishati kutoka Houston, aliyekuwa akiitamani tangu alipokuwa mtoto akiiona kwenye Good Times. Baadaye aliwaambia waandishi kwamba kwake yeye ameipata rahisi! Aliiazima kwa makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka huo huo, watu wakaenda kuiona.

Ernie Barnes alifariki tarehe 27 Aprili 2009. Na hata angekuwa hai, mnadani anayelipwa ni mwenye mali, siyo mchoraji.

Nikamtafuta fundi wa ule ukuta. Anakaa Manzese, anachora vibao vya vinyozi, maandishi ya daladala, na msimu wa uchaguzi ndiyo anajenga. Tukakutana pale pale Sinza, mama akatuwekea supu. Kwanza nikamuuliza habari ya yule mwanamume mwenye macho wazi. Akamtazama mama, mama akaangalia pembeni. "Huyo ni mzee mwenyewe," akasema. "Nilipewa pasipoti saizi yake, nimweke na yeye ndani. Sasa kaka, wote wamefumba macho. Ningemfumba na yeye, mama angesema nimemchora maiti."

Sikuwa na la kuuliza kwa muda.

Halafu nikamuuliza kuhusu WSRC. Mabango mengine yote kayabadilisha, kwa nini hilo kaliacha? Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Si sahihi ya mwenyewe hiyo? Nikaona jina la mwenye kazi siyo vizuri kulifuta."

Msomaji, mimi niko kwenye chumba cha habari chenye watu waliosomea kazi hii, na nimeambiwa nani anajali. Huyu hana cheti cha kitu chochote, na alilinda herufi nne asizozijua kwa kudhani tu huenda ni jina la mtu.

Nikamwambia ile ni redio. Akacheka. Nikamsimulia jinsi Barnes alivyoongeza mabango kwa ajili ya santuri ya Marvin, akacheka zaidi. "Kumbe naye alikuwa anapokea oda!" Nikamwambia bei ya mnada. Akaniuliza, shilingi? Nikamwambia dola. Akanyamaza, akaanza kupiga hesabu kwenye simu, akaacha katikati. Yeye kwa ukuta ule alilipwa shilingi laki moja na themanini, siku sita, chakula juu ya mama. Akaniuliza kama mwenyewe alizipata. Nikamwambia alishafariki.

"Basi hakupata," akasema, akarudi kwenye supu yake.

Makala ilitoka Jumapili. Nilikuwa nimeweka mistari miwili chini ya picha, wa kwanza una jina la Ernie Barnes na wa pili una jina la fundi. Yote miwili ilikatwa, nafasi ikawa finyu kwa sababu ya tangazo la mikopo. Kilichochapwa ni maneno haya: "Mchoro wa ukutani. Picha: Mwandishi Wetu." Kwa hiyo katika watu wawili waliouchora ukuta ule, mmoja wa Durham na mmoja wa Manzese, gazeti likanipa sifa mimi niliyebonyeza simu.

Nilimpelekea fundi nakala ya gazeti, kwa aibu kidogo. Hakukasirika. Alitaka kujua tu jina la yule Mmarekani linaandikwaje, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, na miaka yake. Wiki iliyofuata nikapita pale. Chini ya spika, kwa herufi nzuri za mtu anayeishi kwa kuandika vibao, pameandikwa: ASILI ERNIE BARNES 1938–2009. Chini yake jina lake mwenyewe, na namba ya simu kwa mwenye kazi. Jina hilo sitaliweka hapa, nenda kalisome ukutani.

Aliuliza pia kama sasa aifute ile WSRC, maana tumeshajua kwamba si sahihi. Mama akakataa. Amesema wateja wameshaizoea, wanadhani ni jina la kikoba.